Lazanya ya Nyama kwa Jiko la Miyuji

Ukitaka kupika lazanya Miyuji, hapa Dodoma, anzia buchani. Supamaketi itafuata baadaye, na pengine hutaihitaji kabisa. Wengi wanakiogopa chakula hiki kwa kuwa wamekiona hotelini, au kwenye simu kikitoka katika oveni ya mtu ambaye jiko lake linazidi sebule zetu kwa ukubwa. Ukikikata na kukichungulia ndani, unakuta mchuzi mzito wa nyama ya kusaga, sosi nyeupe ya maziwa na unga, na vipande vyembamba vya unga wa ngano ambavyo mpika chapati yeyote ana mkono wa kuvisukuma. Kinachobaki ni kupanga na kuoka. Oveni ikikosekana, makaa yanatosha, na nitaeleza namna.

Kinachoharibu lazanya ni maji. Mchuzi ukiwa na maji, kipande kinamwagika kwenye sahani. Sosi nyeupe ikikauka mno, vipande vya unga vinabaki vigumu pembeni. Kwa hiyo kila hatua nitakurudisha kwenye maji: wapi yatoke, wapi yabaki. Mengine, yaani idadi ya tabaka, umbo la trei, pilipili iwepo au isiwepo, ni hiari yako mpishi.

Vipimo ninavyotoa vinatosha watu sita hadi wanane, katika trei ya sentimita 20 kwa 30, au sufuria ya mduara yenye upana wa sentimita 26 hivi.

Nyama

Nunua steki robo tatu ya kilo. Usinunue nyama iliyokwisha kusagwa na kuachwa kwenye sinia, kwa sababu hujui ndani yake kumeingia nini na imekaa tangu saa ngapi. Chagua kipande kwanza, kisha kisagwe ukiwa umesimama hapo.

“Kaka, nikatie steki robo tatu, uniwekee na kipande cha nundu pembeni, halafu steki unisagie hapa hapa.”

“Nikusagie mara moja au mbili, dada?”

Mwambie mara moja. Ikipita mashineni mara mbili inalainika mno, na ikiingia kwenye sufuria inashikana mabonge ambayo mwiko hauyavunji.

Hiyo nundu usiiache. Nyama yetu ya Dodoma ni ya ng'ombe wa asili waliotembea malishoni, na wengi wamepitia minadani, kama ule wa Msalato wa kila Jumamosi. Ni nyama tamu, lakini imekaza na haina mafuta mengi ndani. Steki tupu ikisagwa, hubaki chembechembe kavu mdomoni hata ukiipika kwa ustadi. Gramu 100 za nundu zinaondoa tatizo hilo. Bologna, mji wa Italia unaojulikana zaidi kwa mchuzi huu, wao hutumia nyama ya tumbo la nguruwe kwa kazi hiyo hiyo. Mezani kwetu mara nyingi hakukosekani mgeni asiyekula nguruwe, na nundu haimtengi mtu.

Bucha lako likiwa halina mashine, katakata nyama kwa kisu kikali: vipande vidogo kwanza, kisha pitisha kisu juu yake mara nyingine mpaka iwe chengachenga. Inachosha mkono, ila mchuzi wake ni mtamu kuliko wa mashine.

Mchuzi

Andaa vitunguu maji viwili, karoti mbili, punje nne za kitunguu swaumu, nyanya tano zilizoiva vizuri, vijiko viwili vya chakula vya nyanya ya kopo, kikombe kimoja cha maziwa na nusu kikombe cha mvinyo mwekundu. Vitunguu na karoti vikatwe vidogo sana. Karoti ya kukwaruza inatoa maji haraka na kuyeyuka, kwa hiyo ukiweza ikate kwa kisu.

Kuhusu nyanya lazima niseme kidogo. Mchuzi wetu wa kulia ugali tunaupenda uwe mwingi, tonge lipate pa kuchovya, na ndiyo maana tunamimina nyanya bila kuhesabu. Mchuzi wa lazanya ni wa kukatwa kwa kisu. Mwaka 1982 chama cha upishi cha Italia, Accademia Italiana della Cucina, kiliandikisha rasmi kanuni ya mchuzi wa nyama wa Bologna kwenye Chama cha Wafanyabiashara cha mji huo, kikaja kuirekebisha mwaka 2023. Anayeisoma akitokea jiko la Kiswahili hushangaa: ile ya 1982 ina vijiko vichache tu vya nyanya, ina maziwa, ina mvinyo, na kitunguu swaumu hakimo. Mimi swaumu naitia, Bologna ni mbali. Lakini kwenye nyanya wana haki, na wakati wa mvua, nyanya za magengeni zinapojaa maji, wana haki zaidi. Zikiwa hivyo, zipasue, toa mbegu na majimaji yake, ubaki na nyama ya nyanya.

Bandika sufuria pana, tia nundu iliyokatwa vidogo na kijiko kimoja cha mafuta, acha iyeyuke polepole. Weka vitunguu na karoti kwa moto wa wastani, mpaka vitunguu vilainike na kuanza kupata rangi. Tia swaumu iliyotwangwa, koroga kidogo, kisha vitoe vyote uviweke pembeni.

Sasa ongeza moto na utie nyama. Itandaze sufuria nzima, usiikoroge upesi. Itaanza kwa kutoa maji, na utasikia ikitokota. Acha. Baada ya dakika kadhaa maji yatakauka na sauti itabadilika, kutokota kutageuka kukaanga, na harufu itageuka pamoja na sauti. Hapo ndipo unapoigeuza na kuivunjavunja. Wengi hutia nyanya nyama ikiwa bado inatokota, na mchuzi wao unabaki na ladha ya nyama ya kuchemsha mpaka mwisho.

Nyama ikipata rangi ya kahawia, rudisha vitunguu na karoti, mimina mvinyo, acha ukauke kabisa. Mvinyo wa Dodoma unafaa sana, lakini soma chupa: nyingi zinazouzwa hapa ni tamu, na mvinyo mtamu utakupa mchuzi wa sukari. Tafuta mkavu. Makutupora, iliyolipa jina zabibu jekundu la Dodoma, haiko mbali nasi, na mizabibu ya mkoa huu inavunwa mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo chupa hazikosekani. Nyumba isiyotumia kileo itie kijiko kimoja cha siki ndani ya nusu kikombe cha maji. Ukali kidogo ndio unaotafutwa hapo, unaokata mafuta ya nundu.

Fuatisha nyanya zilizosagwa au kukwaruzwa, nyanya ya kopo na nusu kijiko cha chai cha pilipili manga. Chumvi weka kidogo kuliko ulivyozoea, kwa sababu mchuzi utapungua sana na chumvi haipungui, na maji yetu ya bomba nayo yana chumvichumvi yake. Punguza moto, funika nusu, uache uive kwa saa moja na nusu. Maziwa yaingie kidogo kidogo katika muda huo. Usiogope kukatika kwake. Yanazama kwenye nyama na kupoza uchachu wa nyanya. Ukitaka rozimeri, tia kijiti kimoja tu na ukitoe mapema. Bizari na masala ya pilau viache kabatini leo.

Utajuaje umeiva? Pitisha mwiko katikati ya sufuria, ukikwangua mpaka chini. Njia ikibaki wazi kidogo kabla mchuzi haujajirudi, na kinachojirudi kikiwa mafuta mekundu badala ya maji, epua. Maji meupe yakikimbilia kuziba njia, bado. Kama una haraka, ni bora uongeze moto ukae hapo hapo ukikoroga kuliko kujidanganya kwamba oveni itamalizia. Oveni haimalizii, kwa kuwa mchuzi unakuwa umeshafunikwa na tabaka za juu na maji hayana pa kutokea.

Mchuzi huu unapikwa vizuri zaidi usiku wa kuamkia siku yenyewe. Ukilala kwenye friji unashikana, na Jumapili ukitoka kanisani umebakiwa na kazi nyepesi.

Vipande vya unga

Ukipata pakiti ya vipande vikavu vya lazanya, sawa. Maandishi ya pakiti nyingi yanasema havihitaji kuchemshwa. Kwenye oveni ya moto wa kudumu ni kweli. Kwenye makaa usiamini: vilowanishe kwenye maji ya moto dakika tano, kimoja kimoja visishikane, ndipo upange.

Lakini vya kusukuma mwenyewe ni rahisi kwa fedha, na kwa ulaini havina mpinzani. Gramu 300 za unga wa ngano, ambazo ni vikombe viwili na robo hivi, zinataka mayai matatu ya kuku wa kisasa. Ya kuku wa kienyeji ni madogo, weka manne. Ningeshauri ya kienyeji, kwa sababu kiini chake kina rangi nzito na unga unatoka wa njano wenye kupendeza. Tia chumvi kidogo na kijiko cha chai cha mafuta, usitie maji. Mwanzoni utaona unga umekataa kushikana. Ukande tu. Baada ya dakika kumi za kukanda kwa nguvu utalainika na kunyooka. Ukikataa kabisa, lowanisha vidole na uendelee, na maji ya vidole yatatosha. Hewa ya Dodoma ni kavu, hasa upepo wa Agosti na Septemba, kwa hiyo unga usikae wazi hata dakika moja. Ufunike kwa kitambaa chenye unyevu, uuache upumzike nusu saa.

Gawa madonge manne. Sukuma moja kwenye kibao cha chapati, mengine yakiwa yamefunikwa. Chapati yako ya kawaida ni nene mno kwa kazi hii. Sukuma mpaka ukiinua kipande juu uone kivuli cha vidole vyako upande wa pili. Kikichanika si neno, hapa kiraka hakionekani. Kata umbo la chombo chako. Wa sufuria ya mduara atakata mduara, na vipande vya pembeni vitaziba mapengo.

Chemsha maji mengi yenye chumvi, uvitie kimoja kimoja, dakika moja kwa kila kipande, kisha kwenye beseni la maji baridi, kisha juu ya kitambaa safi vichuje. Vya dukani ukivichemsha kabisa, ongeza dakika moja au mbili juu ya muda wa pakiti. Mji wetu uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na huku maji yanachemka yakiwa na nyuzi 96 hivi badala ya 100, kwa hiyo tambi na maharage vyote vinachelewa kidogo kuliko Dar es Salaam. Vikaushe kwa kitambaa kabla ya kupanga. Maji yanayoning'inia kwenye kipande ndiyo yale yale unayoyakuta chini ya trei.

Wapo wanaopanga chapati zilizobaki jana. Tumbo litashiba na watoto watafurahi, ila mafuta ya chapati yanazuia sosi kupenya, kila tabaka linabaki peke yake. Makaroni je? Watu wa pwani wana makaroni yao ya nyama ya kuoka, na Ramadhani wanayafuturia. Ni pishi zuri lenye hadhi yake, na ukikosa nguvu ya kusukuma, pika hilo kwa mchuzi na sosi hizi hizi bila kubadili kitu.

Sosi nyeupe

Hapa kazi ni fupi. Gramu 60 za siagi, ambazo ni vijiko vinne vya chakula, unga wa ngano vijiko saba vilivyosawazishwa, na maziwa robo tatu ya lita. Maziwa ya kupimiwa mtaani yachemshwe kwanza, kwa usalama wa nyumba nzima, kisha yapoe yabaki vuguvugu. Yeyusha siagi kwa moto mdogo, tia unga, koroga dakika mbili mpaka harufu ya unga mbichi iondoke, usiache ubadilike rangi. Mimina maziwa kidogo, koroga mpaka yamezwe, mimina tena. Anayekimbilia kumwaga yote kwa pamoja anapata mabuja, na mabuja ya sosi hayavunjiki kirahisi. Upekecho wa mlenda unafanya kazi nzuri sana hapa, mradi umeoshwa. Mlenda wenyewe uache na ugali wake.

Chumvi, pilipili manga, na kungumanga ya kukwaruza kama ipo. Sosi iwe nyepesi kuliko unavyodhani: ichote kwa mwiko, imiminike polepole bila kukatika. Vipande vya unga vitainywa wakati wa kuoka, na mchuzi wako mkavu hauna cha kuvigawia. Katika pishi zima, unyevu unaoutaka unatoka humu tu. Ikipoa ikawa nzito, ongeza maziwa ya moto ukoroge.

Jibini

Bei yake ndiyo inayowarudisha wengi nyuma. Gramu 200 za jibini inayoyeyuka, kama mozzarella, zinatosha trei nzima, na sehemu kubwa iende juu. Anayesafiri Njombe asirudi mikono mitupu: shirika la CEFA kutoka Bologna lilishirikiana na wafugaji wa huko katika kiwanda cha maziwa, na jibini za Kiitaliano zinatengenezwa kwa maziwa ya Nyanda za Juu Kusini. Wanaosema lazanya haina undugu na nchi hii wangefika Njombe. Au wangeuliza Dodoma hapa hapa, ambako Kanisa Katoliki lilipounda prefektura mwaka 1935, kazi ilikabidhiwa Wapasionisti, shirika lililozaliwa Italia.

Jibini ya dukani ikikushinda, tengeneza ya nyumbani. Chemsha lita mbili za maziwa yasiyopunguzwa mafuta, yakianza kupanda zima moto, mimina juisi ya ndimu tatu au nne, koroga mara mbili tatu tu, acha dakika kumi. Yatakatika, maji ya kijanijani huku, mabonge meupe huku. Chuja kwa kitambaa, funga, ning'iniza, kisha kandamiza chini ya kitu kizito kwa nusu saa. Kamua hasa, unajua sababu. Jibini hii haiyeyuki wala haivutiki, ila inajaza tabaka na kukaa vizuri na nyama. Kwa rangi ya juu, bakiza kikombe kimoja cha sosi nyeupe, ikipoa changanya na viini viwili vya mayai, uipake mwisho. Itakuwa ya dhahabu hata bila jibini ya kununua.

Kupanga

Paka mafuta chombo, kisha mwaga upawa mmoja wa sosi nyeupe chini kabla ya kitu kingine chochote, kipande cha kwanza kisishike. Halafu kipande, nyama, sosi, jibini kidogo. Rudia. Tabaka nne za vipande zinapendeza, tatu zinatosha. Nyama iwe nyembamba, uone kipande chini yake kikichungulia. Kuweka nyama nyingi kwenye tabaka moja ni ukarimu usio na faida, kwani ukikata itaporomoka. Ukipenda mboga, mchicha unafaa kwenye tabaka moja la katikati: uchemshwe, upoe, ukamuliwe mpaka maji yaishe. Tabaka la juu kabisa ni sosi nyeupe peke yake, ifunike kingo zote, maana ukingo usio na sosi utakuwa mgumu wa kuvunja jino. Jibini iliyobaki nyunyiza hapo.

Chombo kisijae hadi juu. Acha vidole viwili, sosi itapanda ikichemka.

Kuoka

Mwenye oveni, ya gesi au umeme, aiwashe mapema ifike nyuzi 180, aweke trei katikati, dakika 35 hadi 40. Kama una karatasi ya aluminiamu, funika dakika 20 za mwanzo, kisha fungua ipate rangi. Ukiona pembeni sosi inatokota na juu pana madoa ya kahawia, imeiva. Tafadhali angalia Luku kabla hujaanza.

Sasa wa mkaa, ambao ndio wengi. Unahitaji sufuria mbili: kubwa na nzee usiyoionea huruma, na ndogo ya lazanya inayoingia ndani yake bila kugusa kuta. Sufuria zetu hazina mikono, na hapo ni faida. Chini ya ile kubwa tandaza mchanga mkavu, kina cha inchi moja. Mchanga wenye unyevu utatoa mvuke, na mvuke ni maji. Juu ya mchanga weka kitu cha kuinua sufuria ndogo, kama kifuniko cha chuma kilichogeuzwa au vipande vitatu vya tofali kavu vyenye kimo sawa. Mawe ya korongoni epuka, mengine yana maji ndani na hupasuka yakipata moto. Mfuniko uwe bapa, wa chuma au bati nene, wenye kubeba makaa.

Kazi hii ifanyike nje au barazani penye hewa. Gesi ya mkaa isiyo na rangi wala harufu inaua watu vyumbani, na kuoka kunachukua muda mrefu kuliko kuchemsha chai.

Washa mkaa mpaka uwe na jivu jepesi juu. Gawa mafungu matatu. Fungu moja libaki jikoni chini ya sufuria, mafungu mawili yaende juu ya mfuniko. Huku ndiko kupalia makaa, kama tunavyofanya kwenye wali na pilau, ila kwenye wali moto wa juu ni wa kukausha tu, hapa ndio unaopika. Kosa la kawaida ni kuuacha moto mkubwa chini kwa mazoea. Ukifanya hivyo, chini itaungua juu ikiwa bado nyeupe, na harufu ya kuungua itapanda mpaka tabaka la mwisho.

Acha sufuria tupu ipate joto dakika 15. Kupima, weka kijiko cha unga wa ngano kwenye kifuniko kidogo, kiingize ndani, funika, subiri dakika tano. Unga ukiwa kahawia hafifu, joto linafaa. Ukibaki mweupe, ongeza makaa juu. Ukiwa mweusi, punguza chini kwanza.

Ingiza lazanya, funika, palia. Usifunue kabla ya dakika 25. Kila unapofunua unapoteza joto ambalo makaa yatahangaika kulirudisha, na jivu linaweza kudondoka ndani. Ukifika muda, inua mfuniko kwa koleo ukiuweka sawa usiiname, utazame. Juu ikiwa imeanza rangi, rudisha, dakika 15 nyingine. Ikiwa bado nyeupe na pembeni panatokota, chini pamefanya kazi yake: ondoa karibu makaa yote ya chini, na juu weka mapya yanayowaka. Upepo wa jioni ukivuma kutoka upande mmoja, upande huo utachelewa, kwa hiyo zungusha sufuria nusu mzunguko katikati ya muda, au kinga kwa bati.

Ingiza kisu chembamba katikati mpaka chini. Kipite bila kukwama, kitoke cha moto kwa kukigusa, na kisitoe maji. Hayo yote yakitimia, epua.

Kuikata na kuibakiza

Hapa unahitaji uvumilivu, na nyumba ikiwa imejaa harufu si rahisi. Lazanya ikae dakika 20 kabla ya kukatwa. Inapotoka motoni sosi bado inatiririka, na ikitulia inashika nyama na vipande pamoja. Ukiikata mapema, kazi yote ya kukausha mchuzi itaonekana haikufanyika. Muda huo tengeneza kachumbari, bila chumvi nyingi, au kata zabibu na matango kama ni msimu. Ya sufuria ya mduara kata katikati, kisha robo, kisha nusu ya robo. Kipande cha kwanza kitavunjika unapokitoa, na hicho ni cha mpishi.

Iliyobaki iache ipoe, ifunike, iingie friji ndani ya saa mbili, na iliwe kabla ya siku tatu. Siku za umeme wa kukatika usiibakize. Wape watoto wa jirani, sahani itarudi na kitu. Ya kesho haihitaji oveni: weka kipande kwenye kikaango chenye moto mdogo, nyunyiza kijiko kimoja cha maji pembeni, funika dakika kumi. Mvuke unakilainisha, chini kinakauka kidogo na kukwaruza meno, na kwa maoni yangu kinakuwa kitamu kuliko jana. Safari hii ndiyo ya pekee ninayokuruhusu kuongeza maji.